Sura ya Saba: Breki ya Mkono

Basi la kanisa lilikuwa nyuma ya gereji ya wilaya, bado likichuruzika. Tope la kijito cha Kettle lilikuwa limejaa mpaka juu ya viti, na mvua yenye chembe za barafu ililigonga paa lake bila kupumzika.

Mpelelezi Imogene Amburgey wa polisi ya jimbo aliingia kwa mlango wa nyuma, kwani ule wa mbele ulikuwa umekunjika. Alijibana mpaka kwenye kiti cha dereva. Hakukaa. Aliinama akatazama chini ya usukani kwa muda, kisha akamwita Denzil Stacy, polisi wa wilaya aliyepewa kazi ya kumtembeza.

"Denzil, nani amegusa vitu humu ndani?"

"Hakuna, bibie. Labda Clovis, na yeye ndiyo kazi yake."

Clovis Halcomb alikuwa mchunguzi wa vifo wa wilaya, mtu wa kuchaguliwa kwa kura, na mwenye nyumba pekee ya mazishi mjini. Ndiye aliyeandika kwamba Hobert Gayheart, dereva wa basi hili, alikufa asubuhi ya siku ya mwisho ya mwaka kwa sababu aliendesha amelewa, akatumbukia kijitoni. Maandishi yake yalikuwa mafupi. Amburgey alikuwa ameyasoma mara nyingi kuliko yalivyostahili.

"Njoo uone breki ya mkono."

Denzil alichungulia. "Imevutwa."

"Mpaka mwisho. Na gia?"

"Iko huru."

"Na swichi ya taa?"

"Imewashwa. Kulikuwa na ukungu, bibie."

"Sawa, tuseme ukungu. Sasa niambie. Mlevi anayeteleza kwenye kona, anapata wapi muda wa kutoa gia na kuvuta breki ya mkono vizuri hivi?"

"Labda aliivuta alipoona anaanguka."

"Mtu anayeanguka anakanyaga, havuti. Huyu alikuwa amesimama, Denzil. Aliliegesha gari kwa hiari yake, akalituliza, ndipo ukingo ukamomonyoka chini yake." Amburgey alijifuta tope viganjani. "Alikuwa na haraka kuliko mtu yeyote wilayani asubuhi ile. Kwa nini alisimama?"

Denzil alikwenda garini akarudi na mfuko wa ushahidi. Ndani yake mlikuwa na chupa ya wiski, nusu imenywewa.

"Hii ilikuwa chini ya kiti chake. Clovis ndiye aliyeiona, basi lilipovutwa juu."

Amburgey aliigeuza chupa kwenye mwanga wa mlango. Chini ya kiti cha dereva tope lilikuwa limeganda kama uji uliolala. Kila kitu kilichokuwa mle, spana, kitambaa, kitabu cha nyimbo, kilikuwa cha rangi moja na kijito. Karatasi ya chupa ilikuwa nyeupe. Pembe zake zilikuwa zimeshika vizuri, na wino wake haukuwa umechuja hata herufi moja.

Alimrudishia Denzil mfuko. Denzil naye aliitazama ile karatasi, akaitazama tena, na uso wake ukabadilika.

"Bibie," alisema kwa sauti ya chini, "mimi kazi yangu inatoka kwa hao hao wakubwa wa wilaya."

"Najua. Endesha gari."

*

Barabara ya kwenda Kettle ilifuata kijito, ikipita kati ya milima miwili iliyokaribiana kiasi kwamba jua la Januari lilifika mchana tu, likaondoka kama mgeni aliyekuja kutoa salamu. Nyumba zilikuwa chache. Maji ya kijito yalikuwa na rangi ya machungwa kwa sababu ya mashimo ya zamani ya makaa ya mawe huko juu.

"Maji ya bomba yamefika mabonde yote," alisema Denzil, "isipokuwa hili."

"Kwa nini?"

"Siasa. Watu wa Kettle ni Republican tangu vita vya babu zao. Wilaya nzima iliyobaki ni Democrat. Na hapa kwetu Mei ndiyo uchaguzi, bibie. Novemba ni kupiga muhuri tu. Mei kila chama kinachagua mgombea wake peke yake, na aliyeandikishwa chama kingine hata mlangoni hafiki. Kwa hiyo mkuu wa wilaya hajawahi kukanyaga Kettle kuomba kura. Mtu haombi maziwa kwa fahali."

"Mkuu wa wilaya ni ndugu yake Clovis."

"Verlon Halcomb. Kaka yake mkubwa. Na safari hii mwalimu mmoja, Tamsie Fugate, anagombea naye ndani ya chama hicho hicho, na alikuwa anamkaribia."

Mengine Amburgey alikuwa ameyapata jana. Ili kupiga kura ya Mei ndani ya chama, mtu alipaswa awe amehamia chama hicho kabla mwaka haujaisha. Watu wa Kettle walibishana vuli nzima. Kuacha chama cha babu, kwao, kulikuwa karibu sawa na kuacha kanisa. Baadhi yao walikuwa wamejaribu kuhama kwa posta, na fomu zao hazikufika popote. Mpaka Krismasi ndipo wakakubaliana: waende wote mjini, wao wenyewe, wakahame mbele ya macho ya karani wa kuandikisha wapiga kura. Siku iliyobaki ilikuwa ya mwisho, na ofisi ingefungwa adhuhuri. Hobert angelichukua basi kutoka kwenye banda lake mdomoni mwa bonde, apande mpaka kanisani juu, awabebe.

"Watu wa Tamsie wanasema nyinyi ndio mliomsimamisha Hobert," alisema Amburgey. "Kizuizi cha polisi."

Denzil alicheka bila furaha. "Siku ile polisi wote tulikuwa uwanjani mjini tukigawa nyama ya nguruwe ya mwaka mpya, Verlon katikati kama bwana harusi. Gazeti lina picha. Mimi mwenyewe nimeshika paja."

Amburgey alikuwa ameiona picha. Hata kofia zao alikuwa amezihesabu, na hakuna aliyekosekana. Alitaka tu kusikia Denzil angejibu vipi.

*

Arvella Gayheart, mjane wa Hobert, aliwakaribisha jikoni. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mikono yake haikujua kukaa bure. Aliweka mbele yao maharage na mkate wa mahindi kabla hawajakaa, na Amburgey akainamisha kichwa kushukuru kabla ya kushika kijiko, jambo lililomfanya mjane amtazame kwa mara ya kwanza.

Karibu na jiko alikaa mzee mwenye suruali ya kazi na mikanda mabegani. Huyo alikuwa Ocie Ritchie, mzee wa kanisa, aliyekaa juu zaidi bondeni.

"Mama Gayheart, Hobert alikunywa?"

"Miaka yote niliyolala naye kitanda kimoja sikuwahi kunusa."

"Na zamani?"

"Zamani alikuwa kijana. Kisha akabatizwa pale kijitoni, barafu imevunjwa kwa shoka." Arvella alipangusa meza iliyokuwa safi. "Clovis ameandika mlevi. Mwili bado uko kwake, hakuna nyumba nyingine ya mazishi. Na kanisa limesema halitamwimbia mtu aliyekufa chupa iko miguuni. Muulize huyo hapo."

Ocie alikohoa. "Si mimi peke yangu, Arvella. Ni utaratibu. Hatumhukumu. Tunasubiri."

"Mnasubiri nini? Afufuke awaeleze?"

"Dada, usiseme hivyo."

"Nitasema. Alikuwa anakuja kuwabeba nyinyi."

Denzil alitazama sahani yake.

"Sitaki mtu afungwe," Arvella alimwambia Amburgey. "Wafungwe au wasifungwe, shauri lao na Mungu. Nataka hilo neno litoke. Siwezi kumfukia na hilo neno."

*

Amburgey alimwomba Ocie amwonyeshe mahali. Mvua ilikuwa imegeuka theluji nyepesi. Pale kwenye kona, barabara ilikuwa nyembamba kiasi cha gari moja, mwamba upande huu, kijito upande ule. Ukingo ulikuwa umeliwa kwa umbo la nusu sahani. Kabla ya kovu hilo, nyayo za magurudumu zilikuwa bado kwenye udongo chini ya turubai aliloliweka Denzil. Zilitoka barabarani taratibu, zikanyooka, zikakaa. Hazikuburuta.

"Mzee Ocie, wewe unakaa wapi?"

"Pale mbele, baada ya kona. Kwenye daraja la makaburi."

"Ulisikia kitu?"

"Sikusikia. Maji yalikuwa yanapiga kelele, na mimi nilikuwa nimesimama nje na kofia mkononi."

Amburgey aligeuka. "Kwa nini kofia mkononi?"

"Kwa ajili ya mazishi."

"Mazishi gani?"

Ocie alimtazama kama anayeulizwa kama maji ni majimaji. "Yaliyopita. Gari la maiti na magari nyuma yake, taa zimewaka. Lilipanda likasimama mbele ya ngazi zangu, pale daraja linapoanzia. Likasimama muda mrefu, haki ya Mungu. Miguu yangu iliganda."

"Hukuwahi kumwambia mtu yeyote?"

"Kila mtu aliyaona, binti. Wenzetu waliochoka kusubiri kanisani waliteremka na magari yao, wakalikuta gari la maiti limeziba njia. Wakazima injini, wakavua kofia. Ungetaka wafanye nini? Hakuna anayempigia maiti honi." Alipangusa theluji kwenye nyusi. "Na hakuna aliyetuuliza habari ya mazishi. Mlituuliza habari ya pombe."

Amburgey alitazama nyayo za magurudumu. Gia huru. Breki ya mkono. Taa zimewashwa kwa heshima. Mtu mwenye haraka kuliko wote, na kitu kimoja tu duniani ambacho mtu wa Kettle angekipisha bila kutazama saa.

"Alikuwa nani, huyo marehemu?"

"Sijui. Watu wa Ohio, tulidhani. Vijana wetu walikwenda kule viwandani, na wakifa wanaletwa kulala nyumbani. Nusu ya tunaowazika siku hizi hata sura zao hatuzijui. Huulizi mtu akiwa njiani. Unauliza baadaye dukani."

"Na baadaye uliuliza?"

"Baadaye Hobert alikuwa amekufa."

"Twende makaburini."

"Theluji hii?"

"Hii hii."

Daraja lilikuwa la mbao na nyaya, la kupita kwa miguu, na lilitikisika walipopita. Njia ilipanda kwa ngazi za mawe mpaka juu ya kilima, ambapo akina Ritchie na akina Gayheart walilala wakitazama mashariki. Amburgey alizunguka kila safu. Nyasi zilikuwa kavu, zimeshikamana. Hakukuwa na tuta jipya, wala ua la karatasi lisilopauka, wala udongo uliogeuzwa. Denzil alizunguka upande wa pili akarudi akitikisa kichwa.

"Walirudi na maiti wao?" aliuliza Amburgey.

"Sanduku halikutoka garini," alisema Ocie polepole. "Nilidhani daraja limewashinda. Au wamekosea bonde, watu wa mjini hao. Kisha gari likageuzia pale uwanjani kwangu, na..." Aliacha. Mkono wake ulipanda kwenye kofia ukabaki hapo.

"Nini, mzee?"

"Binti, makaburi ya hapa tunachimba sisi. Kwa koleo. Mtu akifa Ohio, mtu akifa mwezini, lazima wapige simu kwa mmoja wetu usiku wa kuamkia mazishi, tutoke watu wanne. Mimi ndiye ninayepigiwa." Macho yake yalikuwa yamejaa maji, na haikuwa theluji. "Hakuna aliyeniomba kuchimba. Nilisimama pale nimevua kofia, na hakuna aliyeniomba kuchimba, na haikunijia akilini."

*

Ukumbi wa nyumba ya mazishi ya Halcomb ulikuwa na zulia nene na kinanda kilichofungwa. Clovis aliwapokea mwenyewe. Alikuwa mtu mnene, nadhifu, mwenye sauti iliyozoea kufariji. Nyuma ya mlango mweupe mwishoni mwa ukumbi, Hobert Gayheart alikuwa amelala akisubiri.

Amburgey alimsomea Clovis haki zake kama mshukiwa kabla ya kukaa. Denzil alisimama mlangoni na kalamu. Alifungua daftari akaanza kuandika.

"Haki, Dada Amburgey?" Clovis alitabasamu. "Kwa ajali ya mlevi?"

"Gari lako la maiti lilikuwa Kettle asubuhi ile."

"Nadhani umeambiwa vibaya."

"Bonde zima lilivua kofia mbele yake."

Clovis akaitikia kwa kichwa kama anayekumbuka jambo dogo. "Ah, hilo. Marehemu kutoka Ohio. Familia iliomba mambo yawe kimya."

"Ulimzika?"

"Nilimzika."

"Wapi?"

"Juu pale. Kwa akina Ritchie."

"Siku ile ile?"

"Siku ile ile, apumzike kwa amani."

"Nani alichimba?"

"Nina mtambo wangu. Siku hizi mambo ya koleo yamepitwa na wakati, dada."

"Mtambo ulipita wapi?"

"Njiani, kama kila mtu."

"Njia ya makaburi ni daraja la mbao. Upana wake ni watu wawili na jeneza katikati. Nimelivuka leo asubuhi." Amburgey aliegemea mbele. "Ni lini mara ya mwisho wewe mwenyewe kupanda pale, Bwana Clovis?"

"Nina watu wa kazi hiyo."

"Ndiyo maana hukujua. Kaburi halipo. Na mzee wa kuchimba hakuombwa."

Nje, gari lilipita na minyororo ya theluji magurudumuni. Clovis alisikiliza mpaka lilipopotea.

Amburgey aliiweka chupa mezani, katika mfuko wake. "Na hii uliikuta chini ya kiti, basi lilipovutwa. Kila kitu kilichokuwa chini ya kiti kile ni tope. Karatasi ya chupa hii haijaonja maji. Iliwekwa pale basi likiwa tayari limevutwa juu."

"Polisi yeyote angeweza kuiweka."

"Denzil," alisema Amburgey bila kugeuka, "nani aliyeingia wa kwanza?"

"Clovis, bibie. Alituambia tukae mbali kwa heshima ya marehemu."

Clovis alimgeukia Denzil. "Kijana wa Lula Stacy," alisema kwa upole. "Nilimzika mama yako bila kukudai hata senti."

"Ndiyo, bwana," alisema Denzil, na aliandika hilo pia.

Kisha Clovis alikaa. Unadhifu wake ulimtoka kidogo kidogo, mabega kwanza.

"Ilikuwa kuwachelewesha tu," alisema. "Ofisi ifungwe. Hakuna aliyepanga mtu aumie. Unaelewa hesabu yake? Verlon hakuhitaji kura za Kettle. Hajawahi kuzihitaji. Alihitaji wabaki walipo. Wangehama wote, Tamsie Fugate angekuwa mkuu wa wilaya kabla hata kampeni haijaanza. Ni uchaguzi wa siku moja ya Desemba, dada, watu wanadhani ni wa Mei."

"Verlon alijua?"

"Verlon alikuwa anagawa nyama."

"Atajibu mwenyewe. Endelea."

"Nilichukua magari ya jamaa. Hobert alikuwa anapanda mbele yetu. Alipoona taa kwenye kioo akaegesha kando, kama nilivyojua ataegesha. Nilimwona nilipompita. Alikuwa amevua kofia, ameiweka kifuani." Clovis alisugua paji la uso. "Nikasimama pale darajani. Tungekaa mpaka adhuhuri. Kisha yule wa gari la mwisho akaja mbio, akasema ukingo umekwenda."

"Ukaenda kuona."

"Nilikwenda."

"Ulishuka?"

"Maji yalikuwa mengi."

"Sijakuuliza maji. Watu wa Kettle walikuwa wamesimama mbele ya gari lako, wanaume wazima wa migodini, wenye kamba kwenye magari yao. Uliwaita?"

"Kama ningewaita, wangepita kando ya gari. Wangetazama ndani." Sauti yake ilikuwa imeshuka mpaka Denzil akasogea karibu. "Halikuwa na kitu ndani."

Amburgey alikuwa na swali moja lililobaki, na hakutaka kuliuliza.

"Aliita?"

Clovis aliutazama mlango mweupe.

"Aliita?"

"Ndiyo," alisema Clovis. "Aliita kwa muda."

Kalamu ya Denzil ilikuwa imesimama.

Amburgey alifungua mkoba wake, akatoa karatasi safi ya taarifa ya kifo, akaisukuma mbele yake.

"Wewe bado ni mchunguzi wa vifo wa wilaya hii mpaka hakimu aseme vinginevyo. Andika upya. Kwa mkono wako."

"Na nikikataa?"

"Nitampeleka Hobert maabara ya jimbo, damu yake itasema. Itachukua wiki kadhaa, na mjane atasubiri. Lakini nadhani utaandika. Nadhani ni kitu kimoja katika jambo hili ambacho bado unaweza kukifanya."

Clovis aliandika. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, wa mtu aliyeandika majina mengi kwenye kadi za rambirambi. Alipomaliza aliisukuma karatasi, akanyoosha mikono yake mbele bila kuambiwa.

"Hata ukinifunga," alisema pingu zilipolia, "hawatapiga kura Mei. Siku ilipita. Hakuna jaji atakayeirudisha."

"Najua," alisema Amburgey.

Hilo ndilo lililomfuata mpaka garini. Alikuwa amekwisha kuuliza, jana, kwa simu ya ofisi ya jimbo. Sheria ilitaja siku. Haikutaja mto, wala ukingo, wala gari la maiti.

*

Jikoni kwa Arvella kulikuwa na wanawake wawili wa jirani wakikausha vyombo, na Ocie kwenye kiti kile kile karibu na jiko. Walipomwona Amburgey, wanawake waliweka vitambaa chini.

Aliwaeleza kwa maneno machache. Hakuwaambia kila kitu. Jambo moja alilibakiza, akijua litatoka mahakamani na Arvella angelisikia huko; lakini si leo, na si kwa mdomo wake.

"Kwa hiyo Clovis yuko ndani," alisema Ocie.

"Yuko ndani."

"Na sisi? Tukienda kesho kwa karani?"

"Atawaandika, mzee. Lakini kura ya Mei imewapita. Mtahesabiwa wageni mpaka mwaka ujao."

"Basi Verlon amepata alichotaka."

"Mpaka uchunguzi ufike kwake, ndiyo."

Mmoja wa wale wanawake alicheka kidogo, kicheko kikavu, akasema, "Na bomba litafika tukiwa makaburini, tusafishwe mifupa." Hakuna aliyemkemea.

Arvella alikuwa akiitazama karatasi mkononi mwa Amburgey.

"Hiyo ndiyo?"

"Ndiyo. Ni mwandiko wake mwenyewe."

"Nisomee. Miwani yangu sijui iko wapi."

Miwani ilikuwa kwenye mfuko wa aproni yake, na kila mtu aliiona. Amburgey alisogea karibu na taa akasoma: kwamba Hobert Gayheart, dereva na mshiriki wa kanisa la Kettle, alikufa kwa kuzama baada ya ukingo wa barabara kuporomoka, akiwa amesimamisha gari lake kupisha msafara, kwamba hakukuwa na dalili yoyote ya kileo mwilini mwake, kwamba taarifa ya kwanza ilikuwa ya uongo na imefutwa na aliyeiandika.

Kuni zilipasuka ndani ya jiko. Arvella aliketi, kwa mara ya kwanza tangu Amburgey amjue, na mikono yake ikatulia mapajani.

"Soma tena," alisema. "Polepole. Ndugu Ocie hakusikia vizuri."

Ocie alikuwa amesikia. Alisimama, akashika mgongo wa kiti, akashusha macho sakafuni, na Amburgey akaanza tena kutoka juu.